Kigugumizi Amenyamaza

Kazini walimwita Chapuchapu, na jina hilo alilibeba kwa fahari kama mtu aliyepandishwa cheo. Alitembea haraka, alikula haraka, na alipoongea maneno yake yalikanyagana mlangoni yakigombea kutoka. Ukimwuliza swali alikujibu kabla hujalimaliza. Watu wa namna hiyo hupendwa sana maofisini, hasa na wakubwa, kwa sababu kazi inaonekana inakwenda. Kama inakwenda inakotakiwa, hiyo ni habari nyingine.

Katika ofisi hiyo hiyo alifanya kazi na shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike, na ungewaona wawili hao wameketi meza moja ungedhani mtu amewapanga ili achekeshe watu. Shemeji alikuwa mtaalamu wa redio na minara, mtu wa taratibu, na alikuwa na kigugumizi. Si cha kila neno. Kilimvizia kwenye herufi chache, hasa m na k, kikamkamata hapo, naye akainamisha macho akisubiri kimwachie. Chapuchapu hakuweza kusubiri. Shemeji akisema “ma-ma,” yeye alishatoa “mawasiliano.” Mara nyingi alipatia. Alipokosea, shemeji alilikubali tu lile neno lisilo lake ili mazungumzo yasonge mbele. Chapuchapu aliamini kwa moyo wake wote kwamba huo ni msaada, na alijihesabu kuwa shemeji mwema kuliko mashemeji wote aliopata kuwasikia.

Kampuni yao iliunganisha hospitali, vyuo, maghala na ofisi kwenye mtandao mmoja mkubwa. Ukutani kwao ilining'inia ramani ya mtandao huo, karatasi pana iliyochapishwa zamani kisha ikarekebishwa kwa kalamu nyekundu, kisha kwa ya bluu, kisha kwa yoyote iliyokuwa karibu. Ilionyesha chuo kilichokwisha kuhama na haikuonyesha hospitali ya watoto iliyokwisha kufunguliwa. Siku mafundi walipoifuata wakaenda kutengeneza waya wa ofisi fulani, wakakuta mahali pa ofisi pana mashine za kuoshea magari na kijana aliyewauliza kama wanataka kuosha na chini pia. Mkuu wa kitengo, mama wa makamo mwenye sauti ya chini ambaye wote walimwita Madam, aliibandua ramani kwa mikono yake, akaikunja, akaiweka mezani kwa Chapuchapu. Alisema anataka ramani inayojichora yenyewe.

Jambo hilo linawezekana, na si uchawi. Ruta, yaani vile visanduku vinavyoamua mawasiliano yapite njia gani, vina tabia ambayo Chapuchapu aliiita umbea wa heshima. Kila ruta hujitambulisha kwa wenzake: mimi ni fulani, majirani zangu ni hawa na hawa, na njia ya kwenda kwa kila mmoja ina uzito kiasi hiki. Jirani akisikia hupeleka kwa jirani yake, naye hupeleka kwa wake, mpaka mtaa mzima unakuwa na habari ile ile, neno kwa neno. Kwa hiyo hakuna haja ya kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Ukimbana mmoja tu na kumwambia atoe yote anayoyajua, atakumwagia mtaa wote. Skripti ya Chapuchapu, yaani programu fupi aliyoiandika mwenyewe, ilifanya hivyo hasa. Iliingia kwenye ruta moja, ikakusanya habari zote, ikageuza kila jina kuwa duara na kila ujirani kuwa mstari.

Shemeji ndiye aliyeleta sharti kwamba mstari usichorwe mpaka pande zote mbili zikubali. Ruta moja ikidai fulani ni jirani yangu, na huyo fulani hamtaji kabisa, hapo hakuna njia, kuna madai tu. Chapuchapu alikuwa ameshachora mistari kadhaa kwa neno la upande mmoja. Alicheka, akasema shemeji hatambui ndoa isiyo na cheti, lakini sharti liliingia kwenye skripti na likakaa.

Picha kamili ya kwanza ilitoka siku ambayo shemeji alikuwa nje akipanda mnara. Chapuchapu alikuwa peke yake mezani. Maduara yalitawanyika kwenye skrini, yakasukumana kidogo kutafuta nafasi, yakatulia. Aliona raha. Kisha jicho lake likashuka pembeni chini, ambako duara moja lilishikiliwa na mstari mmoja tu, na ndani yake pameandikwa KIGUGUMIZI.

Alikuwa amesahau. Au tuseme alikuwa amefanikiwa kusahau, maana mtu akiamua kusahau jambo la namna ile huwa anakumbuka vizuri sana mahali alipoliweka.

Ruta ile ilikuwa ya ghala lililo nje ya mji, na iliunganishwa kwa redio badala ya waya. Upepo ukivuma mawasiliano yalikatika, yakarudi, yakakatika tena. Siku walipoifunga, Chapuchapu alikuwa na fundi mmoja mrefu aliyeitwa Mnara, ambaye baadaye alihamia kampuni nyingine. Harusi ya mdogo wake ilikuwa imepita karibuni tu, na ukumbini bwana harusi alikuwa ameshikwa na m ya neno mke mbele ya wageni wote. Ruta ikawa inapoteza jirani na kumpata, inapoteza na kumpata. Chapuchapu akasema, yule pale ni shemeji yangu anatoa shukrani. Mnara alicheka mpaka akashika ukuta. Ruta ilihitaji jina ili ijitambulishe kwa wenzake, na mkono wa Chapuchapu, ambao siku zote ulitangulia kichwa, ukaandika Kigugumizi. Angelibadilisha baadaye. Kwenye orodha za ofisi aliandika “Ghala” kama mtu mwenye adabu zake, na muda si mrefu shemeji naye akaajiriwa hapo hapo, kwa pendekezo lake yeye mwenyewe.

Sasa skripti ilikuwa haisomi orodha za ofisi. Ilisoma kila ruta inavyojitangaza yenyewe.

Njia ya kiungwana ilikuwepo, na ilikuwa fupi: aingie kwenye ruta, abadilishe jina, basi. Lakini ofisi ile ilikuwa na utaratibu kwamba ukibadilisha jambo lolote kwenye ruta yoyote, ujumbe unajituma kwa kitengo kizima ukisema nani amebadilisha, kilichokuwepo ni nini, na kilichowekwa ni nini. Aliuona ujumbe huo machoni kabla haujaandikwa. Jina la zamani: Kigugumizi. Jina jipya: Ghala. Na shemeji akiufungua akiwa ameketi hapo, kiti cha pili, na chai yake.

Kwa hiyo alifanya jambo ambalo mwenyewe aliliona la akili. Aliongeza mstari mmoja ndani ya skripti: ukikuta Kigugumizi, andika Ghala. Akaendesha tena. Duara likatokea limeandikwa Ghala, safi, halina hili wala lile. Ruta yenyewe huko iliko iliendelea kujitangaza kwa jina lake lile lile kwa majirani wote, lakini macho ya watu hayakuwa huko. Alijiambia kwamba shemeji anashughulika na redio tu, ruta haigusi, na sehemu ile ya skripti hana sababu ya kuisoma. Ni ajabu mtu anavyoweza kujidanganya kwa maneno yaliyopangika vizuri.

Kazi ilipokamilika Madam aliamua kuwaalika wateja waje kuiona, wakuu wa hospitali, wa vyuo, wenye maghala. Akauliza nani atawaeleza. Macho yote yalimgeukia Chapuchapu, naye alishafungua mdomo. Shemeji akanyanyua mkono. Alisema nusu ya kazi ni yake na angependa kuieleza yeye. Ilimchukua muda kuitoa sentensi hiyo, na safari hii Chapuchapu hakupata nafasi ya kuimalizia kwa sababu alikuwa ameduwaa. Madam alikubali papo hapo.

Mdogo wake alimpigia simu siku moja kabla ya wageni kuja. Alisema mume wake amekuwa akijifungia chumbani akifanya mazoezi mbele ya kioo, na mtoto amemkariri mpaka naye anatembea nyumba nzima akisema wageni wetu wapendwa. Walicheka wote wawili. Kisha sauti ya dada ikabadilika.

“Kaka, kesho nakuomba kitu kimoja. Usimmalizie maneno.”

Chapuchapu alisema yeye humsaidia tu. Dada alijibu kwamba anajua. Akaeleza kwamba mume wake hajawahi kusimama mbele ya watu kwa hiari yake maisha yake yote, kwamba shuleni walimwita jina moja mpaka alipomaliza, jina ambalo hata yeye mkewe hajawahi kulisikia likitoka kinywani mwake, na kwamba kesho ikienda vizuri huenda akaanza kuamini kuwa hata yeye ana haki ya kusikilizwa. “Mwache tu aongee,” alisema. Chapuchapu aliahidi. Baada ya kukata simu alikaa ameishika mkononi, na aibu ikampanda, kwa maana hakuhitaji kuambiwa jina hilo ni lipi.

Pengine angefanya jambo mchana huo. Nafsi ilikuwa imeanza kumsuta. Lakini Madam alipita akaitazama ramani, akasema ni nzuri ila imelala sana, wageni wanapenda kuona kitu kikitembea. Aliomba pawe na kisanduku pembeni cha kutoa taarifa, na taarifa ziwe kwa lugha ya watu, si ile lugha yao ya mafundi. Chapuchapu akaitupia kazi hiyo mikono yake, na alikuwa ameimaliza kabla Madam hajafika mezani kwake. Ruta ikipoteza majirani, kisanduku kiandike kwa rangi nyekundu: fulani amenyamaza. Ikiwapata tena: fulani anaongea. Madam alipenda sana maneno hayo. Alisema yana uhai.

Kwa haraka zake, Chapuchapu alilichukua jina moja kwa moja kutoka kwenye habari za ruta, kabla halijapita kwenye ule mstari wa kulificha. Alikijaribu kisanduku kwa ruta ya ofisini kwao. Kilifanya kazi vizuri.

Wageni walijaa ukumbi asubuhi. Shemeji alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, akasimama kando ya skrini kubwa. Chapuchapu aliketi mbele na kompyuta, kazi yake ikiwa kubonyeza tu. Shemeji alianza. Alikwama kwenye m ya kwanza, akainamisha macho, akasubiri, ikamwachia. Chapuchapu aliuma midomo akatimiza ahadi. Akakwama kwenye nyingine, akatoka. Wageni walimzoea mapema kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Alieleza jinsi ruta zinavyosimuliana habari, akawafananishia na nyumba za mtaa mmoja, wakatikisa vichwa wameelewa. Kila alivyoendelea mabega yake yalishuka, na Chapuchapu aliona fahari ya kweli, ile ambayo mtu huona kwa mtoto wake.

Nje upepo ulikuwa umeanza kugonga madirisha. Hakuna aliyeujali isipokuwa redio ya ghala.

Shemeji alikuwa amefika kwenye lile sharti lake la pande mbili. “Ruta ikisema huyu ni jirani yangu,” alisema, “hatuiamini mpaka na yule mwenzake akiri. Ni la-lazima wote wawili wawe na ma-ma-”

Kisanduku kikawaka pembeni ya kichwa chake, herufi nyekundu kubwa kama kiganja. KIGUGUMIZI AMENYAMAZA.

Shemeji alikuwa ameipa skrini kisogo. “Ma-ma-,” alisema.

KIGUGUMIZI ANAONGEA.

Mgeni mmoja nyuma aliguna kicheko. Si mtu mbaya, alidhani ni mzaha uliopangwa, kwamba msemaji mwenyewe amejitania ili kuwalegeza watu. Wengine wakadhani vile vile. KIGUGUMIZI AMENYAMAZA. KIGUGUMIZI ANAONGEA. Upepo ulikuwa unafanya kazi yake na skripti ilikuwa inafanya kazi yake, na kila taarifa ilisukuma ile ya kwanza juu, mpaka kisanduku kizima kikajaa jina lile. Ukumbi ulicheka. Shemeji aligeuka, akasoma. Alisoma taratibu kama anavyofanya kila kitu, kuanzia juu hadi chini.

Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke immeze na kiti chake. Alinyofoa waya wa skrini kwa nguvu mpaka kompyuta ikakaribia kuanguka, na ukutani pakabaki bluu tupu. Vicheko vilikatika kimoja kimoja, watu wakaanza kutazamana. Shemeji aliendelea kusimama. Hakumtazama Chapuchapu. Alingoja mpaka pakawa kimya kabisa, akarudi kwenye neno lake pale pale alipoliacha, akalitoa. “Makubaliano.” Akamalizia maelezo yaliyobaki bila picha yoyote, akawashukuru, akaenda kukaa safu ya nyuma. Walimpigia makofi marefu, makofi ya watu wanaotaka kusamehewa.

Wageni walipoondoka Madam aliwaita watu wote wa kitengo ofisini kwao. Hakupandisha sauti. Aliuliza nani aliipa ruta ile jina lile. Dada wa huduma kwa wateja, mtu mwenye roho nzuri asiyependa kuona watu wakiumbuka, alisema bila kusita kwamba huyo lazima ni Mnara, yule bwana alikuwa na utani wa hovyo. Mwingine akaunga mkono, akakumbusha jinsi Mnara alivyowahi kubandika picha ya punda mlangoni. Shemeji alikuwa amesimama karibu na dirisha. Chapuchapu, mtu ambaye hajawahi kuliacha swali lifike chini, aliangalia viatu vyake. Kamba ya kimoja ilikuwa imelegea. Aliitazama kamba ile mpaka Madam akasema basi, jina libadilishwe, akamwomba shemeji alishughulikie kwa kuwa ghala ni eneo lake. Watu wakatawanyika. Chapuchapu alijichukia kwa ile nafuu aliyoisikia.

Jioni mdogo wake alipiga simu. Chapuchapu aliiacha iite karibu ikatike ndipo akapokea. Dada alikuwa na furaha. Mume wake amerudi, amecheza na mtoto, amesema wageni walimpigia makofi. Ametaja kwamba palitokea hitilafu kidogo kwenye skrini.

“Amesema wewe ndiye uliyemsitiri,” dada alisema. “Asante, kaka. Mungu akuzidishie.”

Chapuchapu alijibu amina kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua. Usiku huo alikataa chakula, mkewe akamwuliza kama ana homa, akasema huenda.

Kesho yake aliwahi, akamkuta shemeji kwenye chumba cha mitambo, kile chumba cha baridi chenye feni zisizonyamaza. Alikuwa amepiga magoti akifunga waya kwa vibanio, mmoja baada ya mwingine, kwa nafasi sawa. Chapuchapu alifunga mlango nyuma yake.

“Shemeji, lile jina si Mnara.”

“Najua.” Shemeji alivuta kibanio mpaka kikakaza. “Nimejua tangu nianze kazi hapa. Ukiingia kwenye ile ruta inakusalimia kwa jina lake kabla haijakuomba nywila. Na inakwambia nani aliyeifunga na kuipa jina. Redio ikisumbua, nilikuwa naingia.”

Redio ile ilisumbua kila upepo ulipovuma. Chapuchapu alijaribu kuwaza ni mara ngapi, akashindwa. Siku zote zile, mchana wakila pamoja, sikukuu wakitembeleana, mtoto akizaliwa na yeye mjomba akimshika, shemeji alikuwa akifika kazini na kusalimiwa kwa jina hilo. Aliuliza kwa nini hakulibadilisha.

“Ningebadilisha, ujumbe ungewafikia wote. Ungeona haya.” Shemeji alinyanyuka, akapangusa magoti. “Nikasema nikuachie. Nilidhani umesahau. Mtu akisahau hana ko-ko-”

Neno lilikuwa wazi kabisa. Kosa. Lilikuwa limeshafika kwenye meno ya Chapuchapu. Alilimeza, akasubiri, na kusubiri kwenyewe kulikuwa kurefu kuliko alivyowahi kujua, akatambua kwamba hii ndiyo njia ambayo mwenzake anapita kila siku, na kwamba yeye alikuwa akimkatia katikati na kuiita huruma.

“Hana kosa kubwa,” shemeji alimaliza. “Jina nililizoea tangu shule. Lakini wiki iliyopita nilisoma skripti yako. Nikauona ule mstari. Kumbe hukusahau. Ulikuwa unajua ni baya, ukalificha mimi nisilione, ukaliacha pale pale.” Alitazama chini kidogo, na safari hii hapakuwa na neno lililokwama. “Halafu jana Madam akauliza. Nilikuwa nimesimama hapo. Nikasubiri.”

Chapuchapu alisema samahani, akaisema tena, maneno yakaanza kukimbia kama kawaida yake, kwamba alikuwa na akili za utoto, kwamba hakuwa na nia mbaya, kwamba Mnara naye alichochea. Alipolisikia jina la Mnara likitoka kinywani mwake, akanyamaza. Aliuliza sasa afanye nini.

“Madam aliniambia nilibadilishe,” shemeji alisema. “Sikulibadilisha. Hayo mengine si mimi wa kukwambia. Ku-kuongea ndiyo kazi yako.” Akachukua vibanio vyake akatoka.

Chapuchapu aliingia kwenye ruta kutoka mezani kwake. Kweli ilimsalimia. Jina lile, na chini yake jina lake mwenyewe kamili, lile la kwenye vyeti, ambalo hakuna mtu ofisini aliyemwita kwalo. Alibadilisha. Ujumbe ukajituma kwa kitengo kizima, na simu zikalia mezani mfululizo. Kisha akaufuta na ule mstari wa kwenye skripti.

Kikao cha asubuhi kilifuata. Madam alifungua kwa kusema ameuona ujumbe, na kwamba anamshukuru Chapuchapu kwa kujitolea kusafisha uchafu ulioachwa na mtu asiye na adabu. Vichwa vikatikiswa. Dada wa huduma kwa wateja akampa tabasamu. Kila kitu kilikuwa kimeshapangwa tayari kwa ajili yake, alihitaji tu kukaa kimya, na shukrani hiyo ingemvaa kama shati la kushonewa.

Alisimama. Watu walitulia, wamezoea kwamba akisimama kuna la kuchekesha. Shemeji aliketi upande wa pili wa meza, mikono juu ya daftari.

“Mi-,” alisema Chapuchapu.

Neno halikuja. Alikuwa nalo, fupi, la kila siku, na lilikuwa limegoma kooni. Alijaribu tena na ikatoka sauti tu. Madam aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Kimya kilinyooka mezani, na macho yote yalikuwa usoni kwake, na alijua sasa ukumbi unavyoonekana ukiwa upande ule.

Dada wa huduma kwa wateja hakuweza kuvumilia. Alimwonea huruma. “Unataka kumpa pole shemeji yako kwa niaba ya Mnara,” alimsaidia kwa upole. “Tumekuelewa. Kaa tu.”

Lilikuwa neno lisilo lake, limeshamalizwa, limeletwa mpaka mdomoni. Alihitaji kutikisa kichwa tu. Aliona watu wanaanza kusogeza viti.

“Mwacheni,” alisema shemeji.

Hakuisema kwa ukali wala kwa upendo. Alikuwa ameweka kalamu chini na kumtazama Chapuchapu usoni, kama mtu aliye na muda wote wa dunia.

“A-atamaliza mwenyewe.”

Viti vikatulia. Chapuchapu alivuta pumzi, akarudi kwenye m ile ile.

“Mi-mimi,” alisema. “Mimi ndiye niliyeipa ruta jina lile.”

Kisha akaendelea, polepole, mpaka mwisho, na hakuna aliyemsaidia hata neno moja.